Kinyozi Aliyenyoa Masharubu ya Kioo

Nyie watu mna roho ngumu. Tangu mhamie jengo jipya ng'ambo ya barabara, lile lenye lifti inayowasemesha, hakuna hata mmoja wenu aliyevuka kuja kutusalimia huku jengo la zamani. Kivuko kipo, taa zipo, miguu mnayo. Nawaona kupitia dirisha la jikoni mkipita na vikombe vya karatasi mikononi kama watu waliokuja kumwangalia mgonjwa. Chai naipika ileile na benchi ni lilelile, sema siku hizi linapumua. Haya, kwa kuwa hamji, nimewafuata kwenye jarida lenu. Someni mpaka chini.

Tarehe thelathini mwezi huu Kinyozi anastaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu miaka thelathini na mitatu, yote katika chumba cha majaribio cha chini, kile chenye mlango wa bluu unaokwama wakati wa mvua. Mhariri alimwomba mkemia aandike wasifu wake. Mkemia akaandika kweli, ukurasa mzima wa asilimia na nyuzi za joto, bila kumtaja binadamu. Alipotusomea mezani, Kinyozi mwenyewe alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Ndipo kazi ikaja kwangu. Mimi shule sikukaa hata siku moja, nasema mhariri anaandika, lakini mtu huyu nimempikia tangu alipoingia getini, na hajawahi kuingia jikoni kwangu akiwa na jambo akatoka nalo.

Kwa wale mlioajiriwa juzi mkadhani nazungumzia mtu wa saluni: Kinyozi ni mwanamke, ni fundi sanifu mwenye cheti chake, na hajawahi kumnyoa mtu. Kazi yake ni kubonyeza vioo. Ana mashine yenye ncha ya almasi, ndogo kuliko ncha ya sindano. Anaweka kipande cha kioo chini yake, anapachika uzito, ncha inashuka, inabonyeza, inapanda. Kisha anainamia hadubini. Humo ndani unaona shimo dogo la mraba, safi kama limechorwa kwa rula. Shimo likiwa dogo, kioo ni kigumu. Likiwa kubwa, kioo ni laini. Hilo la kwanza. La pili ni pembe za lile shimo. Kioo kikishindwa kuvumilia, nyufa huchomoza kwenye pembe zote nne, nyembamba, zimenyooka, zinametameta.

Wiki yake ya kwanza kazini alikuja jikoni akanishika mkono. "Mama, acha kijiko, njoo uone paka." Nikaenda, nikafumba jicho moja, nikachungulia. Kweli, paka alikuwepo na masharubu yake. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa chumba kile aliyesema ufa. Ni masharubu. Na kwa kuwa yeye alitangaza mbele ya watu kwamba hataondoka kiwandani mpaka ameyanyoa, jina likamkaa.

Nyinyi wa ofisini mtauliza, ugumu uko wapi? Ugumu uko hapa. Kioo kigumu hakikwaruziki, utakisugua na mchanga kitakuangalia tu. Lakini kigonge, kwaheri. Kioo kinachovumilia kugongwa, chenyewe ni laini, mchanga unakichubua mpaka kinakuwa kama kimemwagiwa maziwa. Mimi nina mabinti wawili wa namna hiyo. Mkubwa maneno ya watu hayamwingii, lakini siku yakimwingia anasambaratika, mnakusanya vipande wiki nzima. Mdogo kila neno linamwachia alama, ila havunjiki, mnaamka asubuhi anaimba. Kinyozi alikuwa anatafuta binti wa tatu. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaa, najua, huyo wa tatu hayupo. Akanijibu, "Hujamzaa wewe. Mimi nitampika."

Msidhani alikaa tu akibonyeza na kuota. Vioo vya mita za maji ambavyo mnaviona kwenye kuta za nyumba zenu vilipita kwenye hadubini yake. Kioo cha mlango wa majiko ya mikate, kile kisichoogopa moto, ni yeye aliyekikataa mara nyingi mpaka wenye kukitengeneza wakaanza kujificha wakimwona. Amefundisha mafundi wengi, na wengine wenu ni mabosi sasa. Aliwafukuza chumbani kwa kushika vioo kwa vidole vyenye jasho, mkarudi mmeosha mikono hadi kwenye viwiko. Semeni uongo.

Na hakuwa na mipaka. Mkurugenzi wetu wa zamani alikuja siku moja na saa mpya, akamsifia kioo chake, akasema hiki hakikwaruziki kabisa. Kinyozi akamwomba aione kidogo. Mzee wa watu akaivua, akampa, akageuka kuzungumza na mgeni. Alipogeuka tena, saa ilikuwa chini ya ile ncha ya almasi. Akarudishiwa kwa mikono miwili na kwa heshima zote. "Hongera, bosi. Ni kigumu kweli. Ila kina masharubu manne." Yule mzee aliivaa saa hiyo mpaka alipostaafu, na kila mgeni alimwonyesha yale masharubu.

Sasa niwaambie kwa nini alishika jambo hili kwa meno.

Mume wake ni dereva wa katapila kule machimbo ya mawe. Mnamfahamu, yule bwana mpana anayeniita mama mkwe na kuniomba ukoko wa wali. Machimboni vumbi ni mawe yaliyosagwa. Linasugua kioo cha mbele cha katapila kutwa kucha, na miezi haijapita mingi dereva haoni mbele. "Mama mkwe," aliniambia, "naendesha kama nimetumbukizwa kwenye uji." Basi wakabadilisha, wakaweka kioo kigumu. Hicho vumbi halikukiweza. Lakini machimboni wanalipua mwamba kwa baruti, na mawe yanaruka yanapotaka. Jiwe moja likaruka likapiga katapila ya jirani yake, ya dereva mwenzake wa zamu. Kioo kikaingia ndani chote. Yule bwana alitoka hai, lakini jicho moja alilipoteza.

Kinyozi alikwenda hospitali na mumewe, akakaa pembeni ya kitanda. Akarudi kazini moja kwa moja. Alikuwa ameomba kipande cha kile kioo, akakiweka chini ya hadubini, akakiangalia mpaka chai ikapoa na ya pili ikapoa. Aliponyanyua kichwa, hakuwa tena na masihara. Aliniambia, "Mama, mume wangu anaingia kwenye kiti kilekile kesho asubuhi." Basi. Tangu hapo kila kipande alichobonyeza kilikuwa na sura ya mtu.

Akaanza kupika na mkemia wetu, yule mwenye upara na kalamu tatu mfukoni. Mkemia anachanganya: mchanga, unga wa alumini, na vitu vingine ambavyo akivitaja nakohoa. Tanuri linaunguruma, kioo kinamiminwa, kinapoozwa polepole, kinakatwa, kinang'arishwa. Kisha anakipokea Kinyozi. Miaka ikaenda. Vigumu vikaota masharubu. Visivyoota vikachubuka. Mapishi mapya kila msimu, paka yuleyule.

Hapa lazima mwelewe desturi moja ya watu wa vioo, la sivyo hamtacheka panapostahili. Kwao unyevu ni adui. Ufa ukipata maji hukimbia haraka zaidi, hilo kila fundi analijua na ni kweli. Kwa hiyo kila kipande cha majaribio kikishang'arishwa kinaingia kabati kavu, lenye chenga nyeupe za kunyonya unyevu chini. Kinyozi alilinda kabati lile kama mtu anavyolinda mlango wa chumba cha wanandoa. Mimi na birika langu tuliishia kizingitini. "Mama, mvuke wako!" Naweka vikombe chini, naondoka.

Basi siku hiyo simu ikalia. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu, mtoto wa kwanza, na mambo hayaendi vizuri. Kinyozi alikuwa na sinia la vipande mkononi, vimetoka kung'arishwa muda huohuo. Akaliweka mahali pa kwanza alipopaona, akatoka mbio na koti la kazi mwilini, miwani ya kazi kichwani. Na mahali penyewe, jamani, ni rafu iliyo juu ya beseni la maji ya moto, pale wanapooshea vyombo vya maabara, ambapo mvuke unafuka tangu asubuhi hadi jioni. Yeye, mwenyewe, kwa mikono yake! Hakuna aliyeligusa lile sinia, maana nani angethubutu kugusa sinia la Kinyozi?

Alikaa na binti yake mpaka mama na mtoto wakawa salama. Akarudi akiwa bibi, anatembea kama amevikwa taji, akaliona sinia. Vipande vimeingia ukungu. Alipiga ukelele, nikadhani mjukuu amepatwa na jambo.

Mkemia akaangalia, akasema tupa. Siku nyingine Kinyozi angetupa. Siku hiyo alikuwa na furaha hata na viti, akasema leo sitaki kutupa kitu chochote, hebu nivibonyeze tu nione masharubu yatakuwa marefu kiasi gani. Akabonyeza. Akainama. Akanyanyuka, akafuta hadubini, akainama tena.

"Ncha imevunjika," akasema.

Mkemia akaikagua ncha. Nzima. "Umebonyeza kweli?"

"Nimebonyeza."

"Uzito uliuweka?"

"Wewe, mimi nimebonyeza vioo tangu ukiwa na nywele."

Wakaongeza uzito. Shimo lipo, pembe nne zipo, masharubu hakuna. Wakaongeza tena. Hakuna. Wakapachika uzito wote uliokuwemo chumbani, mkemia akaanza kutazama kitasa cha mlango kama kitafaa nacho. Hakuna! Nilisikia viatu vyake vikija mbio korido nzima, akaingia jikoni bila kubisha, akanikumbatia na unga wote nilionao. "Mama! Paka kanyolewa! Kanyolewa, Mama!" Tukaruka. Mimi kwa magoti yangu haya, nikaruka.

Kesho yake wakaanza kutumia vichwa, na furaha ikapungua nusu. Lile shimo lilikuwa kubwa. Maana yake kioo kile, pamoja na uvumilivu wake wote, kilikuwa laini. Kilikuwa cha mapishi yale laini tangu mwanzo, ingawa hata laini hakijawahi kubeba uzito wote ule bila masharubu. Mkemia akachukua funguo zake akakikwaruza, kikakwaruzika. Machimboni kingekuwa uji kabla ya mvua kunyesha. Kinyozi alikaa benchini kwangu akala mkate mkavu. Kisha akasema, "Lakini sasa najua kinapenda nini."

Mkemia ndiye aliyetuelezea, na safari hii alieleza kibinadamu. Kioo kikinywa mvuke taratibu, ngozi yake inajifunza kulegea kidogo inapobonyezwa, inajipanga, badala ya kukakamaa na kupasuka. Kilichobaki ni kukinywesha kile kigumu. Ngozi ilegee, moyo ubaki mgumu. Shida ni kwamba kioo kigumu hakinywi mvuke wa kubembelezwa. Walikiweka juu ya beseni, kikakaa kama bwana harusi aliyenuna. Kilihitaji mvuke wa kulazimishwa, wenye msukumo. Mtambo wa kazi hiyo uliagizwa, tukaambiwa uko njiani. Uliendelea kuwa njiani.

Asubuhi moja natafuta sufuria yangu ya presha, ile kubwa ya maharage. Haipo. Nikashuka chini. Nikaikuta juu ya jiko lao la umeme inapiga mluzi, Kinyozi na mkemia wameinama wanaitazama kama mtoto mwenye homa. "Mna nini humo ndani?" Wakajibu kwa pamoja, "Kioo." Sikugombana. Mnakumbuka ule msimu mliolalamika kwamba chakula cha mchana kinachelewa na maharage yanagonga meno? Ndiyo hivyo. Mliandika hata kwenye sanduku la maoni. Sasa mmejua maharage yenu yalikuwa yamempisha nani.

Vipande vya kwanza vilitoka vyeupe kama maziwa mgando. Vilivyofuata viliyeyuka kingo, vikawa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Wakapunguza moto, wakaongeza muda. Wakaongeza moto, wakapunguza muda. Mkemia akabadilisha mapishi, alumini ikapanda, kitu kingine kikashuka. Mfuniko ukaruka mara moja ukaacha alama kwenye dari, bado ipo, mkija mtaiona. Na ndani ya kipindi hicho mume wake anaingia kwenye kiti kile kila asubuhi, na mke wake anamfunga kifungo cha shati cha juu kila asubuhi, hata kama ameshakifunga mwenyewe.

Halafu kikatoka kimoja. Kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinang'aa, hakina ukungu. Kinyozi akakibonyeza. Shimo dogo! Dogo mpaka alilitafuta. Na pembe nne safi kama kidevu cha mtoto. Safari hii hakukimbia. Alimwita mkemia aangalie, akaniita mimi niangalie, akamwita mlinzi wa geti aangalie. Mlinzi akasema haoni kitu. "Ndiyo hivyo!" akapiga makofi. "Ndiyo hivyo, mwanangu! Huoni kitu!"

Mtambo ukafika hatimaye, sufuria yangu ikarudi. Kutoka kwenye ukucha hadi kwenye dirisha la katapila kulikuwa na safari yake, na vipande vikubwa vingi viliharibika. Vilivyotoka vizima ni viwili, mapacha.

Hapo ndipo mkurugenzi wa sasa aliposhuka. Ni mtu mwema, hana makelele, na alisema wazi bila kuzungusha. Kinyozi anastaafu. Akiondoka, chumba cha mlango wa bluu kinafungwa na mashine inahamia jengo jipya kupima vioo vya meza. Isipokuwa kama kioo hiki kitapita majaribio yote. Kikipita, chumba kinabaki wazi chini ya mkemia, na kioo kinakwenda machimboni. Kikipasuka, mambo yamekwisha. Kwa hiyo mnaona kilichokuwa mezani. Macho ya mume wake na ya kila dereva wa kule, na baada ya Kinyozi hakuna wa kulishika jambo hili.

Wakakisugua kipacha kimoja kwa vumbi la machimbo lenyewe. Hakikuchubuka. Wakakiangushia tufe la chuma kutoka juu. Hakikupasuka. Ikabaki desturi ya chumba kile, ya tangu mafundi wa kwanza wa kiwanda: aliyepika kioo anasimama nyuma yake, na atakayekitumia anarusha jiwe. Wengi wenu hamkuwahi kuiona kwa sababu kioo kinachostahili desturi hiyo hakikupatikana muda mrefu.

Tukatoka wote ua wa nyuma. Kioo kimefungwa kwenye fremu ya mbao, mifuko ya mchanga miguuni. Kinyozi akavaa kofia ngumu na miwani ya kazi, akasimama nyuma yake, kifua mbele. Mume wake akapewa jiwe la machimboni, ukubwa wa ngumi. Akalipima mkononi. Akatazama mbele. Akanyanyua mkono, akaushusha. Mtu anayesogeza vilima, jasho linamtoka kama amekamatwa.

"Rusha!" mke wake akapiga kelele.

Akarusha. Jiwe likaipita fremu mbali kabisa, likapiga ndoo ya mfagizi.

"Hiyo ni nini? Machimboni mnarushiana mito?"

"Mama nanii, siwezi. Nikurushie jiwe mimi? Nitamwambia nini mama yako?"

"Mama yangu alishafariki!"

"Ndiyo! Atakuja usingizini!"

Ua mzima ukaangua kicheko, lakini mume hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye fremu na jiwe la pili mkononi, akasema kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Toka humo, niingie mimi. Nyuma ya kioo hiki nitakaa mimi kila siku."

"Desturi inasema mpishi."

"Desturi haijaoa."

"Basi huniamini. Sema tu huniamini."

Akamtazama mkewe kupitia kile kioo, safi namna ile, hakuna maziwa, hakuna uji. Kisha akaweka jiwe chini, akazunguka fremu, akasimama ubavuni mwake. Hakuvaa hata kofia, ikabidi Kinyozi amvalishe ya mkemia, ikakaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika. "Haya," akasema, "ndiyo nakuamini hivi."

Sasa nani arushe? Tukatazamana. Mkemia akanigeukia mimi, nikamwambia athubutu aone. Mkurugenzi akavua koti. Akalikunja vizuri, akampa mkemia. Akaliokota jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, na sikujua kama mtu mpole vile ana mkono wa namna ile.

Ngo!

Ni mlio kama wa mtu anayebisha hodi kwa haraka. Jiwe likarudi, likaanguka miguuni mwa mkurugenzi, limekatika vipande viwili. Hakuna aliyeshangilia, maana tunajua masharubu huanza madogo kuliko macho yetu. Kinyozi akatoka nyuma ya fremu, akachomoa lenzi mfukoni, akapiga magoti. Akaweka jicho. Nilisikia mtu akimeza mate, labda mimi. Alikaa pale mpaka mumewe akamshika bega.

"Alama ipo," akasema. "Alama ipo. Masharubu hakuna."

Jamani! Ningewaelezaje? Mkemia alilitupa koti la mkurugenzi hewani. Mlinzi aliacha geti wazi. Mume wake alimbeba mkewe juu juu akamzungusha mpaka kofia zote mbili zikaanguka, akamweka chini, akachukua jiwe, na sasa kwa kuwa nyuma ya kioo hakuna mtu, alirusha kama mwendawazimu. Ngo! Akachukua lingine. Ngo! Tukarusha wote. Mkemia alirusha, wafagizi walirusha, mkurugenzi alirudi kwenye foleni mara mbili. Kinyozi baada ya kila jiwe anakimbia na lenzi yake, anainama, anarudi anacheka huku machozi yanamwagika. "Hakuna! Mwingine!" Nyie mlikuwa ng'ambo ya barabara kwenye mkutano. Shauri yenu.

Kipacha kingine kimeshafungwa kwenye katapila. Shemeji yenu anasema anaona mpaka ndege wanaotua juu ya mwamba, na mwenzake aliyepoteza jicho alikwenda kukaa humo ndani, akakigonga kwa ngumi, akatikisa kichwa, akamwombea Kinyozi dua ndefu. Machimbo yameomba vioo vya katapila zote. Mlango wa bluu haufungwi, mkemia ameupiga msasa, sasa haukwami.

Kinyozi, mwanangu. Kiwanda kinakushukuru kwa barua yenye muhuri, utaipata siku ya sherehe. Mimi nakushukuru kwa kelele, kwa ubishi, kwa kuniita nione paka, kwa kuirudisha sufuria ikiwa imesuguliwa kuliko ulivyoichukua. Nenda ukalale mpaka jua likuchome miguu. Nenda ukambebe mjukuu wako. Mungu akupe miaka mirefu isiyo na ufa, na mzee wako akurudie kila jioni na macho yake mawili. Ukichoka kupumzika, jikoni kwangu unapajua.

Na nyinyi wengine. Kile kioo tulichokirushia mawe hakiuziki tena, kimejaa vialama. Kiwanda kimempa kuwa zawadi ya kustaafu, na kimekatwa kikawekwa dirisha la sebule yake. Kila Jumapili mchana wapo nyumbani, yeye na mzee. Mkienda kumwona msibebe maua wala kadi, na msibishe mlangoni. Barazani kuna ndoo ya kokoto. Chagua moja, simama kwenye geti, rusha dirishani. Asipotoka kukutukana, hakusikia. Chukua kubwa zaidi.